Nguruwe wa Tano

Umewahi kusikia mtu akipigwa risasi kwa sababu ya adabu?

Jilani alipigwa hivyo. Asubuhi ile alishuka na mbwa kwenye msitu wa mialoni wa hifadhi, yeye na kaka yake Amara. Jilani aligonga debe, Amara alipiga mayowe. Ndiyo kazi ya wanaume wa mlimani kwetu kila baridi inapoingia: wageni wenye bunduki hujipanga chini, upande wa bahari, na wanaume wetu huwafukuzia nguruwe mwitu. Nyama yenyewe hawaigusi. Ila kelele zisikatike, maana mwenye bunduki atajuaje kama kichaka kinachotikisika ni mtu?

"Gonga, wewe! Au mkeo kakunyima mkate leo?" Amara alimtania.

"Mkate kanipa, kaninyima harisa, pilipili yenyewe. Wewe endelea kupayuka. Nguruwe wakiiona hiyo sura watakimbilia Aljeria."

Wakafika kwa Sidi Shaaban. Ni kaburi dogo la walii lililopakwa chokaa, na vitambaa vya wanawake vimefungwa kwenye matawi juu yake. Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kupaza sauti pale. Jilani akalishusha debe, akaweka mkono kifuani, akapita polepole. Amara naye akanyamaza.

Bunduki ikalia.

Risasi iliingia chini ya mbavu, ikatokea kiunoni. Jilani alikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akaanza kuyapiga mateke majani makavu. Mbwa wakaja kulamba damu. Amara akawafukuza kwa mawe, akavua koti, akalisokomeza kwenye tundu. Likalowa mpaka mikononi.

Mgeni mwenye kofia ya kijani alipanda akihema. "Mbona hakupiga kelele? Mimi nikajua nguruwe!"

Nyuma yake alikuja Munsif, mkuu wa walinzi wa hifadhi. Alimtazama Jilani, akamtazama mgeni, kisha akachuchumaa mbele ya Amara.

"Gari ni moja tu, Amara. Nani kampiga ndugu yako?"

Amara akanyoosha kidole kwa mwenye kofia. Kitako cha bunduki ya Munsif kikamvunja jino.

"Nakuuliza tena. Jilani alikuwa kazini leo?"

"Si umemwita wewe mwenyewe, Bwana Munsif, alfajiri, mlangoni kwake..."

Kitako kikarudi, safari hii sikioni.

"Alikuja kutega mitego ya wizi, wakagombana na majangili wenzake. Sema, gari liondoke. Hutaki, kaeni hapa mpaka apoe."

Midomo ya Jilani ilikuwa imeshageuka rangi ya majivu.

"Alikuja kutega mitego," Amara alisema, akitema damu.

"Kwa sauti. Wenzako wasikie."

Akasema kwa sauti. Wafukuzaji wengine, waliokuja mbio kwa mlio wa bunduki, wakatazama viatu vyao.

"Kaka," Jilani alinong'ona, "mimi hata sungura sijawahi kumtega."

Mgeni hakutaka viti vichafuke. Wakamrusha Jilani nyuma, juu ya nguruwe wanne waliokuwa bado na joto, wakawafunika wote turubai. Amara akadandia. Barabara ile ina kona nyingi, na kila kona nguruwe waliteleza wakamlalia Jilani, Amara akiwasukuma kwa miguu.

"Nitoe kwa hawa, kaka. Nitoe."

Aliwasukuma tena. Walikuwa wazito, na damu yao na ya Jilani imeshachanganyika sakafuni. Bahari ilipoonekana chini, mkono wa Jilani uliacha kumshika.

Kwenye geti la hifadhi, polisi alisogea kwenye dirisha la mbele. "Mna nini nyuma, Bwana Munsif?"

"Nguruwe watano. Na mfukuzaji mmoja, anawashika wasidondoke."

Polisi akacheka, akaanza kuinua kizuizi. Ndipo Amara alipoupiga ngumi mgongo wa gari mpaka bati likabonyea.

"Wanne! Wa tano ni ndugu yangu Jilani, alikuwa kazini, na aliyemuua amekaa hapo mbele anamenya chungwa!"