Darubini Ndefu ya Fundi Sefu

Fundi Sefu wa Muyinga alikuwa mtu mwema, mshonaji hodari, na mwindaji mwenye kibali chake cha serikali. Kilichomponza ni mdomo. Mdomo wake ulikuwa unatangulia mbele, akili inakuja nyuma ikihema.

Siku ile alikuwa Gitega, sebuleni kwa Mwalimu Amissi, mwalimu wa chuo cha Kurani. Walikuwa wamemaliza maneno ya posa: Riziki binti Sefu ataolewa na kijana wa Mwalimu Amissi, na harusi itafanyika Muyinga kabla mvua hazijaanza. Chai ya tangawizi ikamiminwa. Mtu mwingine angeinywa taratibu, amshukuru Mungu, aage. Sefu akafuta mdomo, akasema, "Bamwana, kwangu mimi hamtakula ng'ombe wa kununua. Mtakula nyama ya porini mpaka mlegeze mikanda."

Bamwana ndivyo wanavyoitana huko wazazi wa bibi na wa bwana harusi, na ni jina la heshima, halichezewi. Mwalimu Amissi akaitikia kwa kichwa polepole. "Tutafurahi, bamwana. Almuradi iwe imechinjwa."

"Hilo nalo la kuuliza?" akajibu Sefu, akaongeza sukari.

Na kwa kweli zamani halikuwa la kuuliza. Bunduki yake aliachiwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa akimshonea suruali, ambaye alifunga duka na kuondoka uhuru ulipokuja. Sefu alikuwa akiwinda kwa tumbo: anatambaa kwenye majani mpaka anamsikia mnyama akitafuna, anapiga, anaruka na kisu, anachinja mnyama angali anatupa miguu. Mtaa mzima wa Waswahili wa Muyinga ulikula nyama yake bila wasiwasi. Lakini mwaka ule, wa tatu wa uhuru, macho yalianza kumfanyia mchezo. Ncha ya bunduki aliiona mbili, na pongo, yule swala wa vichakani, akimtazama sana anageuka kichaka. Miwani ya kushonea alikuwa nayo, ila miwani inayoona tundu la sindano haimwoni mnyama.

Dawa ikawa darubini, ile ya kufunga juu ya bunduki. Kwa darubini jicho la mzee linaona mlengo na mnyama mahali pamoja, halihangaiki tena huku na huku.

Pale Gitega mwenye darubini alikuwa Houssein, aliyeuza makufuli, taa na, kwa mwenye kibali, risasi. Sefu alipomweleza haja yake, Houssein akatandika kitambaa juu ya meza akaweka mbili. Moja fupi, nene kidogo, inavuta mara mbili na nusu. Nyingine ndefu kama mwiko wa pilau, inavuta mara kumi.

"Unataka ya kulenga karatasi ama ya kulenga nyama?" Houssein akauliza.

"Zote mbili." Maana sikukuu ya uhuru ilikuwa inakaribia, na Gitega kulikuwa na mashindano ya shabaha, mshindi anapewa ng'ombe dume. Sefu alishapiga hesabu zake: akimpata yule ng'ombe, ataongeza na nyama ya porini, na harusi ya Riziki itasimuliwa mpaka Makebuko.

"Ya zote mbili sawasawa haipo," Houssein akasema. "Iko hii na iko hii. Bon, mi nakushauri hii fupi. Inakuonyesha pori lote, alfajiri na magharibi haikufichi kitu. Karatasi utaiona ndogo, lakini utaipata. Hii ndefu inaleta karatasi mpaka puani, ni kweli. Ila pumzi yako yenyewe itaitikisa, na mnyama akiwa karibu utaona manyoya tu, usijue ni bega ama ni tako."

Maneno ya mtu mzima hayo, tena mwenye duka, ambaye ile ndefu ndiyo ingemfaidisha zaidi. Sefu alisikia? Wapi. Alishika ile ndefu, akasimama mlangoni, jua la saa sita limewaka, akaelekeza kilima cha ng'ambo. Akaona mwanamke ameanika maharage. Akamwona kuku anakuja kuyaiba, akauona na mdomo wa kuku unavyofunguka. Hapo akili ikaaga.

"Mtu hachagui darubini saa sita mchana, Fundi," Houssein akamwambia. "Ngoja magharibi uangalie tena." Sefu alikuwa ameshatoa akiba yake ya msimu mzima na kuiweka mezani.

Mashindano yakafika. Tusimwonee, alipiga vizuri. Alizuia pumzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na karatasi yake ikatoboka pale katikati panapotakiwa. Lakini kulikuwa na mstaafu mmoja wa jeshi, mtu wa Makebuko, mkimya, alimzidi kwa risasi moja tu. Ng'ombe akaenda Makebuko. Sefu, kwa nafasi ya pili, alipewa pongezi na furushi la sahani za bati zenye maua. Akarudi nazo Muyinga, na juu ya nyusi ana alama ya zambarau, pale darubini ilipomgonga kila bunduki iliporudi nyuma.

Mke wake, Kadidja, akazipanga zile sahani chini, akazitazama. "Nzuri," akasema. "Sasa tunaomba cha kuweka ndani."

Basi Sefu akageukia pori. Akaenda zake upande wa Giteranyi, akatambaa kama zamani, akamsogelea pongo mpaka akamsikia akitafuna. Akainua bunduki, akatazama kwenye darubini: manyoya. Akasogeza kushoto: manyoya. Akasogeza kulia: jani moja kubwa kama mlango. Pongo akachoka kusubiri, akaondoka.

Kesho yake akaona afanye vile darubini inavyotaka. Akakaa juu ya mteremko, pongo wako ng'ambo ya bonde, na katikati kuna kinamasi cha mafunjo. Akasema Bismillahi, akavuta. Pongo mmoja akalala pale pale. Sefu akashuka mbio, kisu mkononi, akaingia kwenye tope mpaka magotini, mafunjo yanampiga usoni, anaanguka, anaamka. Alipofika, jicho la mnyama lilikuwa limeshapoa. Hapakuwa na cha kuchinja tena.

Wako masheikh wanaosema mnyama wa porini, ukitaja jina la Mungu wakati wa kupiga, inatosha, na mimi si wa kubishana nao. Lakini Mwalimu Amissi hakuwa mmoja wao, na Muyinga mtaani walikuwa wameshazoea kisu. Kadidja akauliza swali moja tu: "Ulimkuta yu hai?"

Sefu angeweza kusema ndiyo. Mungu amlipe, hakusema. "Nilikuta ameshakwenda."

"Basi sufuria yangu haitamjua," Kadidja akasema, wala hakuwa na hasira.

Ng'ambo ya njia alikaa Zihalirwa, Mkongo wa Kivu, na mkewe Apolline. Walikuwa wamefika mwaka uliotangulia, wakikimbia vita vya kwao, na watoto watatu, godoro moja na sufuria moja. Zihalirwa alikuwa akizungusha vitenge kwa baiskeli mpaka mpakani, na biashara ilikuwa bado changa. Sefu akasimama mlangoni kwao na pongo begani, haya imemjaa. Kumpa jirani kitu ambacho wewe mwenyewe hukili si jambo jepesi. Akaeleza yote, na tope lake miguuni.

Zihalirwa akacheka. "Jirani, sisi tunaomba juu ya sahani, hatuombe juu ya shingo. Lete tu."

Kiangazi kizima kikaenda hivyo. Sefu anapiga, anakimbia, anachelewa, anavuka njia na mzigo. Kila mara Apolline anapiga makofi polepole, kwa adabu ya kwao, anasema, "Aksanti sana, Fundi. Mungu akuongezee." Na Sefu anajibu amina kwa mdomo, moyoni anasema, Mola wangu, hii usiniongezee. Jioni harufu ya nyama inayokaushwa juu ya moto wa Apolline inaruka uzio, inaingia nyumbani kwa Kadidja anakopika maharage. Watoto wa Zihalirwa wakaanza kunawiri. Sefu akaanza kukonda.

Likabaki juma moja. Kadi zilikuwa zimeshapelekwa Gitega, wageni wameshakodi lori. Alhamisi Sefu alishinda porini kutwa nzima, akarudi mikono mitupu. Akakaa juu ya kiti cha cherehani bila kushona. Aliona sura ya Mwalimu Amissi akinawa mikono mbele ya sahani yenye maua na maharage. Aliona mashemeji watakavyomwita binti yake mtoto wa mwenye maneno, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka azae na azeeke. Kosa ni lake yeye, jina litakalochafuka ni la Riziki.

Riziki mwenyewe akaja akakaa chini karibu naye. "Baba, tupike maharage na ndizi. Mi sitaona haya." Na hilo likamuuma Sefu kuliko kama angelia, maana alijua ataona haya, na alijua ameamua kuificha kwa ajili yake.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, Sefu akamwona Zihalirwa anapanda kutoka barabara ya Giteranyi. Amejaa vumbi mpaka kope. Mkononi ana kamba, na mwisho wa kamba kuna ng'ombe dume mweusi, mnene, mkaidi, anayesimama kila baada ya hatua chache kuonja majani ya watu. Apolline yuko nyuma na kitawi cha kumsukumia. Wakaingia naye moja kwa moja uani kwa Sefu.

"Jirani," Zihalirwa akasema, "mi si mtu wa maneno mingi. Ile nyama yako, ingine tulikula. Tulifika hapa watoto miguu kama njiti ya kiberiti, leo wanakimbia, unawaona. Ingine Apolline alikausha. Nilikuwa napeleka na baiskeli kule Giteranyi, nikachanganya na vitenge, voilà, nimepata huyu."

Sefu wa mdomo akafungua mdomo wake. Akasema la kijinga tu: "Ungemchinjia huko huko, ungeleta nyama, usingeburutana naye njia yote hii."

"Hapana," Zihalirwa akasema. "Nikimgusa na kisu changu, wageni wako hawakuli. Nimemleta na roho yake yote. Iko mikononi mwako."

Sefu akalia. Alilia mbele ya mkewe, mbele ya binti yake na majirani waliokwisha kujazana kwenye uzio, wala hakuficha uso. Kadidja alitoka jikoni akamkumbatia Apolline, wakabaki wameshikana hivyo, na ng'ombe akapata nafasi ya kula mboga za watu bila kusumbuliwa.

Harusi ilikuwa Jumapili. Sahani za bati zilitoka zote, na hakuna iliyokaa tupu. Mwalimu Amissi alikula vizuri, akanawa, kisha akasema kwa sauti ya kutania, "Bamwana, uliniahidi mnyama wa porini. Huyu mi namjua, ni ng'ombe."

"Bamwana, huyu alikuwa pongo," Sefu akasema. Na hapo hapo, mbele ya wakwe wote, akaeleza jambo zima: kuku wa saa sita mchana, mafunjo, kisu kilichokuwa kinachelewa, na jirani yake. Hakubakiza kitu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu Amissi alicheka pia, halafu akanyanyuka, akavuka mkeka mpaka alipokaa Zihalirwa, akampa mkono, akaushika kwa mikono yote miwili. "Umetulisha," akamwambia, "na umetuheshimu."

Mvua za kwanza zilipoanza Sefu akashuka Gitega kumsalimu binti yake. Jioni akapita dukani kwa Houssein na chupa ya asali. Houssein alikuwa ameshasikia kila kitu, kwa kuwa Gitega habari haikai. Hakusema, nilikwambia. Aliinama tu chini ya meza, akatoa ile darubini fupi, akaiweka juu ya kitambaa. "Nimekuwekea. Nipe ile ndefu, uchukue hii, yaishe."

Ilikuwa magharibi. Sefu akaichukua akasimama mlangoni. Giza lilikuwa limeanza kuingia, lakini ndani ya kile kioo aliuona mtaa wote: wanawake wanaorudi na kuni, mbuzi, baiskeli, mtoto aliyekaa juu ya kizingiti, kila mmoja mahali pake, safi kabisa. Alitazama muda mrefu, kisha akarudi akaiweka juu ya kitambaa.

"Hii ndiyo nzuri. Kwa hii kisu hakitachelewa," akasema. "Ulinishauri kweli tangu siku ile, nami sikukusikia. Nakushukuru sana, ndugu yangu."

"Basi ichukue."

"Nitaichukua," Sefu akasema. "Lakini si mwaka huu. Watoto wa Zihalirwa bado wanakua."