Maneno ya Mguu wa Lisiate

Jumatatu asubuhi muuguzi Melenaite alitundika pazia la nguo ya magome ya mti katikati ya chumba cha vidonda, akaitoboa tundu la kupitisha mguu. Upande wa pili alilala kaka yake, Lisiate. Huko visiwani Haʻapai, kaka na dada wakishabalehe hawakai chumba kimoja wala hawataniani, na kaka kumfunulia dada yake kidonda ni kumkosea adabu kabisa. Muuguzi wa vidonda kisiwani alikuwa mmoja tu. Basi Lisiate, mwenye sukari, akakificha kidonda chake tangu msimu wa viazi vikuu, mpaka harufu ikamuumbua kanisani.

"Mguu huo, wifi," alisema Toakase, mke wa Lisiate, akiupenyeza tunduni. "Ukiuona mbaya, ujue na mwenyewe ni hivyo hivyo."

Kisigino kilikuwa kimefunikwa na utando, kama ule wa juu ya uji uliopoa. Bakteria walikuwa wamejichimbia ndani yake, na antibayotiki alizomeza Lisiate zilikuwa zikipita juu juu tu. Daktari wa upasuaji angekuja na ndege ya mwisho wa mwezi, na akiukuta utando bado upo, angeukata mguu chini ya goti. Melenaite alikuwa ameazima mashine kutoka kisiwa kikuu. Ilirusha ukungu wa maji ya chumvi uliobeba sauti isiyosikika na sikio la mtu. Sauti hiyo ingeutikisa utando mpaka ulegee, dawa ipate pa kupita.

Aliiwasha. Utando ukatikisika, na mguu ukaanza kuongea.

Ulikuwa na sauti ya Lisiate wa utotoni, kabla hajahamishiwa kulala na wavulana wenzake. Uliuliza kama yule kasa wao bado yumo dimbwini.

"Alikwenda zake," Melenaite alijibu, akisogeza mashine taratibu. "Wewe ndiye uliyeacha uzio wazi."

"Muongo! Ni wewe!"

Toakase aliendelea kusuka mkeka wake. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mguu huo utaongea hata kitandani, maana kwa mume msemaji yeye ameshachoka. Nyuma ya pazia Lisiate alikohoa kwa heshima, akanyamaza kama inavyompasa kaka.

Kila walipokutana, sauti ya mguu ilizidi kukomaa na utando ulizidi kupungua. Nyama nyekundu, safi, ilianza kuchomoza pembeni. Melenaite akawa anawahi kazini, na njiani anacheka peke yake. Ni raha iliyoje kuwa na kaka wa kubishana naye!

Siku utando ulipobaki wa kufunikwa na kidole gumba, mguu ulisema, "Mumeo alipozama, ulikuwa unalia jikoni kila jioni. Nilikuwa nakuja, nasimama nyuma ya ukuta. Ndipo nilipokanyaga gamba la chaza."

"Si ungeingia."

"Ningeingiaje, dada?"

Muda wote huo Melenaite aliamini kwamba hakuna aliyemsikia. Alilia palepale, akaufunga mguu bendeji huku machozi yakimdondoka.

Siku ya mwisho kilibaki kipande kidogo kama punje ya mchele. Melenaite aliizima mashine. Akikiacha hicho tu, atabaki na kaka wa kuzungumza naye. Lakini alijua vilevile kwamba utando wote ungejijenga upya kutoka kwenye punje hiyo, na ndege ilikuwa inakuja.

"Kiache kwanza," mguu ukasema. "Bado sijamaliza."

Toakase aliinua macho kutoka kwenye mkeka. "Wifi, huo ndio mguu wake wa kwendea shamba."

"Najua."

Aliiwasha. Mguu ukawahi kusema "Naite," jina alilomwita wakiwa wadogo, kisha punje ikabanduka.

Daktari alikuja, akakitazama kisigino, akasema hana cha kukata, akaomba chai.

Jumapili baada ya ibada, Melenaite alipeleka chakula kwa kaka yake, majani ya magimbi yaliyookwa kwa tui la nazi. Lisiate alikuwa sebuleni. Alipomwona dada yake mlangoni aliinuka, kama kaka mwenye adabu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Melenaite aliketi pale alipokuwa amekaa kaka yake, bado pana joto, akasikiliza nyayo zikizunguka nyumba, zote mbili, zikaja kusimama nyuma ya ukuta.

Akaanza kumsimulia Toakase habari zake za wiki nzima, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Toakase alichungulia nje, akamwona yuko pekupeku, akasonya. Akaokota ndara za mumewe, akamrushia dirishani.