Mteja wa Mama Kelele

Ko. Kisha kimya. Kisha ko-ko, mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

Mpokezi alifumbua macho gizani. Hakuhitaji saa. Mwiko ukigonga hivyo ujue maharage yamekaribia kuiva, na muda uliobaki ni wa kupiga pasi blauzi ya kazini na kuondoka. Ubavuni mwake binti yake alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake kana kwamba anamzuia asiende popote. Mtoto huyo bibi yake alimwita Pengo tangu meno ya mbele yalipong'oka, na jina likamganda.

Nyuma ya pazia, bibi mwenyewe alikuwa anakoroga. Mchana mtaa mzima ulimwita Mama Kelele, na jina halikumwonea. Alikuwa na hoteli yake nyuma ya karakana ya magari, banda la mabati lenye mabenchi marefu na meza zilizotandikwa plastiki ya maua, na humo alitangaza chakula, akatania wateja, akawagombeza walioacha mboga, yote kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Lakini alfajiri, mjukuu akiwa amelala, alikuwa mtu mwingine. Hata moto aliuchochea kwa kunong'ona.

"Umeamka, mama?" aliuliza. Alimwita binti yake "mama", kama wazazi wanavyowaita mabinti wanaowapenda.

"Nimeamka."

"Chai iko hapo, imefunikwa. Na wageni je, wapo huko kwenu?"

"Wapo wapo."

"Basi mmoja akikuuliza pa kula, si umlete? Silii njaa, usinielewe vibaya. Ila hawa wa karakana wameuzoea mkono wangu mpaka hawauoni tena. Wanakula kama gari linalojazwa mafuta. Nataka mtu wa mbali, aonje, anyamaze kidogo, aseme, 'Mama, mkono huu umetoka wapi?' Mara moja tu. Nikisikia hivyo hata nikifa leo, sawa."

"Nitawaambia, mama."

"Nitawaambia" hiyo ilikuwa na umri sawa na ajira yake. Mpokezi alipiga pasi blauzi, akajipulizia manukato shingoni na kwenye mikono, akajinusa, akarudia tena. Harufu ya vitunguu vya kukaanga haina adabu. Unaweza kuiacha nyumbani ukaikuta imetangulia kazini.

Mambo yalianzia kwenye neno moja dogo. Siku ya usaili katika nyumba ya wageni, Meneja, mwanamke wa visigino virefu na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, alimuuliza, "Wazazi wako wanafanya nini?"

"Baba alishafariki. Mama ana hoteli."

Hakudanganya. Kwao hata banda la chai na maandazi ni hoteli. Lakini Meneja alisikia hoteli ya ghorofa, yenye lifti na mazulia. "Ahaa! Kumbe kazi hii umezaliwa nayo!" akasema, akampa mkono. Mpokezi alitabasamu. Neno halikuwa uongo. Uongo ulikuwa lile tabasamu. Tangu hapo Meneja alimtambulisha kwa wageni wakubwa, "Huyu kwao ni wenye hoteli." Na kila alipotambulishwa hivyo, Mpokezi alitabasamu tena, na uongo ukaongezeka kimo bila yeye kufungua kinywa.

Sasa mwezi ukiisha Meneja angechagua mkuu wa mapokezi. Mpokezi aliitaka nafasi hiyo kama mtu anavyotaka maji. Masomo ya jioni aliyasoma huku Pengo akiwa amelala mapajani mwake, madaftari yakiwa yamemfunika mtoto kama shuka. Akipata, Pengo atasoma shule yenye madirisha ya kufunga. Akipata, mama ataajiri mtu wa kupuliza moto. Akajiambia: nikishapanda ndipo nitaonyesha ngazi niliyopandia. Leo bado.

Ndipo akaja Mzee wa Mizani.

Alikuwa mtu mzima, mnene, mcheshi, kazi yake kuzunguka mijini kukagua mizani za maduka. Alifika na sanduku la mawe ya kupimia na tumbo lenye maswali. Hata ufunguo hajapewa, akaegemea meza ya mapokezi.

"Binti yangu, mji huu watu wanakula wapi?"

"Kuna mkahawa wa vioo pale mzungukoni, baba. Mzuri sana."

"Sijauliza palipo pazuri. Nimeuliza watu wanakula wapi. Wewe mwenyewe mchana unakula wapi?"

Mpokezi alikula kila mchana kwenye banda la mabati, amejibana pembeni, mgongo kauelekeza barabarani. "Pale pale pa vioo," akasema.

Mzee akaenda. Jioni akarudi akishika tumbo kama mtu aliyefiwa. "Chakula kimepangwa kama picha ya harusi. Kimependeza, na hakuna aliyeshiba."

Siku ya pili akamwelekeza kwingine, penye taa za rangi. Akarudi. "Orodha ya vyakula ndefu kama hotuba, na kila ninachoagiza kimekwisha. Binti, wewe unanidanganya kwa adabu."

Akacheka, na Mpokezi akacheka naye, lakini masikio yalimwaka moto.

"Mimi nina dawa ya miji," Mzee alisema. "Kesho naitumia. Naangalia madereva wanaegesha wapi saa ya kula. Naangalia sabuni ya kunawia: ikiwa mpya haijaguswa, nakimbia. Halafu nasikiliza. Mahali wateja wanapotukanwa na bado wanarudi, ujue hapo pana chakula."

Kesho yake alirudi akiangaza uso mzima. Meneja alikuwa amesimama mapokezini, na Mzee akawahutubia wote wawili. "Nimepata! Nyuma ya karakana. Kuna mama mmoja, sauti yake inakupokea kabla ya harufu ya mchuzi. Nilichelewa, nikakuta masufuria yanaoshwa, akaniambia, 'Aliyechelewa hula hewa, njoo kesho na tumbo tupu!' Nimempenda. Akanipa ukoko wa wali kwenye kijiko. Jamani, ukoko! Kesho mchana nawaalika. Twende sote watatu. Aibu kwa mwenye mji kuonyeshwa mji na mgeni!"

"Tutakwenda," Meneja alisema akicheka. "Huyu hasa, mtoto wa wenye hoteli, atuambie kama wanajua kazi."

Usiku ule ulimi wa Mpokezi ulikuwa mzito kama jiwe la mizani. Mama yake alikuwa akichambua mchele, Pengo akimhesabia vijiwe. Ingetosha kusema, "Kesho ninakuja na watu." Halafu angesema nini? "Usinijue"? Akasema amechoka, akaenda kulala. Hata asubuhi mwiko ulipogonga alijifanya yuko usingizini mpaka alipomsikia mama yake akitoka na masufuria.

Saa ya kula wakashika njia, Meneja akikwepa mafuta yaliyomwagika karakanani kwa visigino vyake. Hawajafika, sauti ikawafikia.

"We fundi! Maliza hizo mboga, sikuzipika zikuangalie! Na wewe dereva, pilipili yangu umeioa? Mbona humwachii mwenzako?"

"Mama Kelele, mahari si nimeshalipa!" dereva alijibu, na banda zima likacheka.

Waliingia. Mama Kelele aligeuka na sahani mkononi, akamwona mgeni wake wa jana, akamwona mwanamke wa miwani, kisha kati yao akamwona binti yake. Uso wake ulifunguka wote. Hakuna mtu aliyehitaji kuambiwa alichodhani: alidhani ahadi imetimia. Ameletewa wageni. Aliweka sahani chini, akafuta mikono kwenye aproni mbele na nyuma, akaijaza hewa kifuani kwa ajili ya kelele kubwa kuliko zote alizowahi kupiga.

"Habari za mchana, mama," Mpokezi akawahi. "Tungependa meza ya watu watatu, tafadhali."

Ilikuwa sauti ya mapokezini, ya masomo ya jioni, laini na iliyonyooshwa kama blauzi. Na neno lilikuwa lile lile. Mama. Kila mtu humwita mama kila mwanamke aliyemzidi umri. Muuza nyanya ni mama, muuguzi ni mama. Meneja hakusikia chochote. Mzee wa Mizani hakusikia chochote. Lakini wateja wa karakana, waliomwona Mpokezi akikua akipangusa meza hizo hizo, walisikia. Vijiko vilisimama. Fundi akainamia mboga zake akazila zote.

Mama Kelele alibaki kinywa wazi, hewa bado imo kifuani. Akaitoa polepole.

"Karibuni," akasema. "Karibu, dada. Keti hapa pasipo na jua."

Dada. Na aliisema kwa sauti ya alfajiri, ile ya kutomwamsha aliyelala.

Uso umeumbwa na haya, lakini wa Mpokezi siku ile haukutosha kuibeba haya yote. Ilimshuka shingoni, ikamfika mikononi. Alitamani mama yake amfokee. Angemrushia mwiko ingekuwa nafuu. Badala yake mama alileta wali, maharage na mchuzi wa nyama, akaweka mbele ya kila mmoja kwa upole, na mbele ya binti yake akaweka sahani isiyo na pilipili, kwa sababu anajua tumbo lake. Hata katika kumkana, alimkumbuka.

Mzee alionja. Akanyamaza. Akaonja tena, akaweka kijiko chini.

"Mama," alisema, "mkono huu umetoka wapi?"

Mpokezi aliacha kutafuna. Lilikuwa lile swali lenyewe, neno kwa neno, na mama yake alikuwa amesimama pale akilipokea kama mtu aliyeletewa zawadi msibani.

"Kwa mama yangu," akajibu. "Naye kwa mama yake. Tunapokezana."

"Na wewe unaye wa kumpokeza?" Meneja aliuliza, akijipakulia mchuzi mara ya pili. "Una binti?"

"Ninaye mmoja."

"Anakusaidia?"

"Huyo amesoma," Mama Kelele alisema, akiipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. "Yuko kazini saa hizi. Ana shughuli nyingi."

Hakumwangalia Mpokezi. Wala hakuna aliyecheka tena bandani.

"Jana ulikuwa na kelele kama redio," Mzee alimtania. "Leo umelogwa?"

"Koo tu, baba. Linakwaruza."

Pazia la nyuma ya banda likasogea. Pengo alikuwa ameshatoka shule. Alichungulia, akamwona mama yake mezani, akafungua kinywa chote na pengo lake. Bibi akasogea upesi, akamziba kwa aproni. "Bado kidogo, mjukuu wangu. Kuna wateja." Mtoto akarudi nyuma ya pazia, jicho moja likabaki nje. Alikuwa akicheka kwa ndani, mabega yakimtikisika. Alidhani ni kombolela. Alidhani mama amejificha kati ya wateja, na punde ataitwa, na watakimbizana.

Mpokezi alimwangalia. Mtoto akasubiri. Akafunga jicho, akalifungua. Akasubiri tena. Hakuitwa. Na Mpokezi akaona kicheko kikipungua kwenye lile jicho moja, kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta, mpaka likabaki jicho tu, linamtazama, linajifunza.

Linajifunza nini? Hilo ndilo lililomchoma. Tunapokezana, mama alisema. Siku moja Pengo naye atakuwa na blauzi iliyonyooshwa na watu wa kula nao mchana, na Mpokezi atakuwa amezeeka, na Pengo atamwambia: habari za mchana, mama.

Alitaka kusema. Maneno yote aliyosoma jioni, ya kukaribisha, ya kuomba radhi, ya kumtuliza mteja mwenye hasira, hayakumjia hata moja. Mikono ikatangulia. Alisimama, akapandisha mikono ya blauzi, akaichukua sahani yake, akaiweka juu ya ile ya Mzee, ya Meneja chini kwa kuwa ndiyo kubwa, mifupa pembeni, vijiko juu, kama alivyofundishwa akiwa na urefu wa meza. Akaelekea nazo kwenye beseni la kuoshea.

"Unafanya nini?" Meneja aliuliza, miwani imerudi machoni.

Mama Kelele alimfuata haraka, akazishika sahani upande wa pili. Wakabaki wamezishika wote wawili, hakuna anayeachia. Macho ya mama yalikuwa yanamsihi, usijiharibie, mwanangu, si umebakiza kidogo tu.

"Acha, dada," akasema kwa nguvu ili meza isikie. "Hapa kwetu mteja haoshi vyombo."

Mpokezi hakuachia.

Pazia likafunguka lote. Pengo alitoka, akaja mpaka katikati ya banda, akamshika bibi yake aproni, akaivuta kama mtu anayemsahihisha mwenzake aliyekosea hesabu ndogo.

"Bibi," akasema, kwa sauti ile ile ya kuita ng'ambo ya mto, "huyu si mteja, huyu ni mama."