Kiti Chako Kipo

Kila Jumatano asubuhi gari dogo la chuo kikuu lilipakiwa tufe la chuma, kamba nene, ngazi ya aluminiamu na katoni ya kalamu zenye nembo ya chuo. Tufe lilikaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda, kwa sababu safari moja lilibingirika likavunja taa. Mhadhiri wa fizikia alikaa nyuma, ngazi ikimlalia mapajani. Watoto wa shule alizozizungukia walimpa jina la Mama Mvutano, na jina likamfuata hadi chuoni, ambako mkuu wa kitivo alilitumia akidhani ni la ukoo wake.

Kazi yake siku hizo ilikuwa kuwafanya watoto waipende fizikia. Shule zilimpokea vizuri. Mgeni njoo mwenyeji apone, na siku ya kufika kwake hata vioo vya madirisha vilioshwa. Alieleza kani ya mvutano kwa mizaha, kisha akapanda ngazi, akafunga kamba kwenye boriti ya bwalo na kulining'iniza tufe. Mwanafunzi mmoja alijitolea kusimama, kisogo kikigusa ukuta. Mama Mvutano alilivuta tufe mpaka likagusa kidevu cha mtoto, akaliachia bila kulisukuma. Lilikwenda hadi upande wa pili, likageuka, likarudi mbio kuelekea uso uleule. Wengi walikimbia na bwalo likaangua kicheko. Aliyebaki mahali pake aliona chuma kikiishia upana wa kidole kutoka kidevuni, kikarudi zake.

Hapo ndipo Mama Mvutano alipomshika bega na kusema maneno yake, yaleyale kila shule: "Umeiamini fizikia. Kiti chako chuoni kipo."

Makofi yalipigwa, picha zikapigwa, kalamu zikagawiwa.

Kiti cha kwanza kiligoma mwaka wa masomo ulipoanza. Ukumbi wa mihadhara ulikuwa na viti vya mbao vya springi, vile ambavyo kikalio hujikunja chenyewe mtu akinyanyuka. Kimoja, safu ya tatu karibu na dirisha, kilikataa kushuka. Kijana mmoja mnene alikikandamiza kwa magoti yote mawili hadi akatoka jasho. Seremala wa chuo akaitwa. Alitia mafuta, akalegeza skrubu, mwisho akaichomoa springi na kuishika mkononi. Kikalio kikabaki kimesimama bila springi. Seremala akarudisha bisibisi kwenye mkoba.

"Hiki si kibovu, mama," alisema. "Kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si wewe uliyempa? Mpwa wangu hunisimulia unayowaambia huko shuleni. Ahadi ni deni."

Mama Mvutano hakubisha, kwa kuwa alishamjua mwenye kiti hicho. Alikuwa msichana wa shule ya nyuma ya kiwanda cha matofali, aliyelingoja tufe huku ameinua uso, na wenzake wakamwita Kidevu papo hapo. Tufe lilipotulia aliuliza mbona halikufika pale lilipoanzia. Mama Mvutano akamweleza kwamba hewa na kamba huila nguvu yake kidogo kila safari, ila nguvu haipotei, inageuka kuwa joto. Msichana alifikiri.

"Lakini joto hilo haliwezi kulirudisha tufe juu," alisema. "Basi kwa tufe, imepotea."

Siku ile mwalimu mkuu alimsindikiza mgeni hadi garini na kumwomba, kwa adabu sana, kama angeweza kuwaachia tufe na kamba. Fizikia ina mtihani wa vitendo, na shule isiyo na vifaa hairuhusiwi kuandikisha mtoto yeyote kwa mtihani huo. Chumba kilichoandikwa Maabara kilikuwapo, ila ndani mlikuwa na madawati yaliyovunjika na mifuko ya saruji iliyoganda. Mama Mvutano alijibu kwamba vifaa ni mali ya chuo, ila atalifikisha jambo hilo kwa wakubwa. Alilifikisha. Mkuu wa kitivo akamwambia kwamba mpango wao ni wa kuhamasisha, si wa kugawa vifaa. Naye akaendelea kusema maneno yake shule hadi shule, kwa sababu watoto waliyapenda. Na tuseme ukweli, hata yeye aliyapenda.

Viti vikaendelea kusimama, leo kimoja, mwezi ujao viwili. Utawala ukavibandika karatasi zilizoandikwa "Kimehifadhiwa". Wanafunzi waliokosa pa kukaa waliketi kwenye ngazi za ukumbi na kuandikia magotini, na baada ya muda wakazoea.

Mwaka wa tatu wa hali hiyo, mahafali yakikaribia, mlango ulifunguliwa katikati ya mhadhara. Aliingia Kidevu na mzigo wa majoho begani. Sasa alikuwa fundi cherehani kwenye duka la shangazi yake, ambalo ndilo lililoshona majoho ya chuo, na alikuwa akitafuta stoo. Alipofika safu ya tatu, kiti cha dirishani kilishuka chenyewe, taratibu. Kidevu alikitazama, akatua mzigo, akaketi. Jirani yake akamsogezea daftari waangalie wote. Mama Mvutano aliendelea kufundisha.

Wanafunzi walipotoka, alimfuata pale alipokaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Fizikia ulifaulu?"

"Sikuifanya, mwalimu. Darasa letu zima halikuandikishwa. Siku ile uliyokuja ndiyo fizikia tuliyosoma."

Aliyasema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma Mama Mvutano. Angelaumiwa angejua la kujibu. Alitaka kumwomba radhi, badala yake akajikuta akimuuliza biashara inakwendaje. Kidevu akasema inakwenda, majoho hayaishi, kila mwaka wapo wa kuyavaa.

"Nimeona wenzangu wanakaa kwenye ngazi," aliongeza. "Mimi hiki sitakitumia tena, mwalimu. Nimeketi, nimesikiliza. Wape wao."

Akaupigapiga mkono wa kiti, akajitwisha majoho, akauliza tena stoo iko wapi. Kikalio kilibaki chini baada ya yeye kuondoka. Mama Mvutano alipoweka kiganja juu yake, ubao ulikuwa bado na joto. Aliketi hapo akalia mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.

Mkuu wa kitivo alipopata habari alifurahi kupita kiasi. Kumbe dawa ni hiyo tu, alisema, wenyewe waje waviachie. Mama Mvutano akapata nafasi ya kusema tena kuhusu shule zisizo na vifaa, akaambiwa asichanganye mambo, tatizo la viti limekwisha. Basi kubwa la chuo likatumwa kuwakusanya wote waliowahi kuahidiwa. Halikuwa limewahi kufika katika shule hizo, na dereva alilazimika kuulizia njia.

Walikuja wamevaa vizuri. Mmoja alikuwa mwashi, mwingine alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine alitoka moja kwa moja kwenye lindo la usiku na macho yalikuwa mekundu. Kila mmoja alipopita, kiti chake kilishuka, bila kukosea. Mama Mvutano aliwafundisha kama anavyowafundisha wengine, na hakuna aliyesinzia, hata yule mlinzi. Mwisho wa kipindi walisimama mmoja mmoja na kusema, "Nimekiachia." Walipewa maji ya chupa na kalamu yenye nembo. Mwashi aliuliza kama wiki ijayo anaweza kurudi, kwa sababu somo lilikuwa halijaisha. Mkuu wa kitivo alicheka kwa upole, akampa mkono.

Kiti kimoja tu hakikushuka, cha safu ya nyuma. Mwashi alieleza kwamba kilikuwa cha mwenzake wa darasani, aliyeporomokewa na jukwaa la ujenzi mwaka uliopita akafa, na yeye hawezi kukiachia kwa niaba yake. Mkuu wa kitivo akasema kimoja si neno.

Ziara za shule hazikusimamishwa. Mama Mvutano alipewa tu maneno mapya ya kusema, ili yasitokee tena yale. Jumatano iliyofuata, katika bwalo lililofagiliwa vizuri, msichana mdogo aliyevaa sweta lililomzidi alisimama kisogo ukutani, na tufe lilipomjia hakupepesa macho. Mama Mvutano akamshika bega. Maneno ya zamani yalimpanda hadi kwenye meno, akayameza.

"Asante kwa kushiriki," alisema.

Mtoto aliendelea kumtazama, akidhani sentensi haijaisha. Kisha akapewa kalamu.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo naye alimsindikiza hadi garini, naye akaomba kwa adabu kama tufe linaweza kubaki. Mama Mvutano akajibu kwamba ni mali ya chuo. Akaliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda, akakaa nyuma na ngazi yake.

Siku ya mhadhara alikuta kiti cha safu ya tatu karibu na dirisha kimesimama tena, kana kwamba maneno aliyoyameza yamesikika. Hakuna aliyekwenda kumwita seremala. Kijana aliyekuwa akikikalia alichukua mkoba wake, akaenda kubanana na wenzake kwenye ngazi. Mama Mvutano akapangusa ubao, akaanza kuwaeleza kwamba nguvu haipotei.