Gunia la Mwaka wa Kura Mbili

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Jumatano saa tatu asubuhi, Kisii mjini, mwanamke wa makamo mwenye beseni la plastiki kichwani, limefunikwa kwa kipande cha bati. Harufu ilimtangulia. Uliziba pua kwa kiganja, ukavuka upande wa pili, ukaendelea na simu yako. Leo huvuki. Utakaa hapa usikie alichobeba.

Anaitwa Bathsheba Kemunto. Ana duka la mabati na misumari Keroka, mwaka wa kumi na tatu sasa. Mwezi mmoja kabla ya Jumatano hiyo, kijana wa shati jeupe aliingia dukani akakalia mfuko wa simenti bila kukaribishwa. Ian, afisa wa kodi.

"Mama, mauzo yako ya elfu mbili kumi na saba hayaniingii akilini."

Bathsheba alicheka kidogo. Mwaka ule wa kura mbili, uchaguzi umerudiwa, barabara imefungwa kwa mawe na matairi, nani alikuwa ananunua bati? "Kijana wangu, hiyo ni miaka minane. Si mlisema mitano?"

"Nani alisema?"

"Wewe."

Hakuwa amesahau. Ukumbi wa kanisa, Nyamira, miaka mitatu iliyopita, Ian huyu huyu na kipaza sauti, wafanyabiashara wamepewa soda na mkate. Weka karatasi zako miaka mitano, alisema, baada ya hapo hatuna shida nazo wala nawe. Watu wakapiga makofi. Bathsheba hakutosheka na makofi. Aliuliza mara mbili, kisha akaandika jibu nyuma ya kitabu chake cha nyimbo.

"Mitano ni ya mtu mwaminifu," Ian alisema, akikung'uta simenti kwenye suruali. "Tukishuku udanganyifu, hakuna cha miaka. Tunarudi hata ulipokuwa darasa la tatu."

"Na nilidanganya nini?"

"Risiti zako ndizo zitasema. Zilete."

"Si mlituambia tutupe!"

"Hatukusema mtupe. Tulisema mnaweza." Macho yake yalipanda taratibu kwenye rundo la mabati, moja baada ya jingine. "Lakini sisi ni watu, mama. Watu huongea. Mimi nina nyumba Kiogoro haijaezekwa."

"Bati zinauzwa," Bathsheba alimwambia. "Bei imeandikwa hapo."

Barua ya kumdai kodi ilifika Jumatatu iliyofuata, na tarakimu ambazo alizihesabu kwa kidole, sifuri moja moja. Wao walikuwa na miaka yote ya dunia. Yeye alipewa siku thelathini za kupinga, ushahidi mkononi. Zikipita, duka linakwenda kwa dalali.

Risiti hakuwa amezichoma. Kwa woga aliongeza hata mwaka wa sita, ndipo akazipakia kwenye gunia la mbolea, akalishona mdomo kwa kamba, akalitumbukiza katika choo cha shimo cha wapangaji wote, nyuma ya ploti. Wenzake huwauzia wakaanga njugu karatasi zao. Yeye aliona si adabu jina la mteja, na bati alizoshindwa kumaliza kulipia, lizunguke stendi likiwa limefunga njugu za shilingi kumi.

Manasseh, mzoa vyoo, alikuja na mti wenye ndoano. "Omong'ina, mama yangu, humu nimetoa simu," alisema akichungulia. "Nimetoa meno ya bandia ya mzee wa kanisa. Kodi sijawahi kutoa."

Bathsheba hakucheka. Shimo lilikuwa limejaa, limebakiza kama futi mbili. Mvuto wa tatu gunia lilipasuka, nusu ya risiti ikarudi ndani. Bathsheba akafunga leso mdomoni, akapiga magoti, akaingiza mkono hadi begani. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, shemasi. Mabuu yalimpanda hadi kwenye kiwiko. Wapangaji wa juu walitoka kwenye veranda wakampiga picha.

Aliziosha moja moja kwa sabuni ya kipande, akazianika juu ya mabati mapya. Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua mabati hayo.

Jumatano, kwenye ofisi ya kodi, foleni ilijigawa yenyewe. Msichana wa kaunta alivuta skafu puani. Ian akaitwa.

"Hii ni nini?"

"Kumi na saba. Januari mpaka Agosti. Septemba imebaki chini."

Ian alisimama mbali, akainua karatasi moja kwa ncha ya kalamu. Kisha akaitupa kalamu kwenye pipa. "Hazisomeki."

"Nitakusomea." Bathsheba akaichukua. "Januari tatu. Misumari ya inchi tatu, kilo mbili, Onyancha wa Nyakoe. Januari nne. Bati sita..."

"Mama, toa uchafu wako hapa!"

"Si wangu peke yangu. Choo ni cha ploti."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Ian alimkazia macho.

"Basi andika kwamba nimezileta."

Msichana aligonga muhuri kwenye karatasi safi: zimeletwa, hazikaguliki. Bathsheba alikuwa ameshainua beseni, uso ameuelekeza nje kwenye pipa la taka, Ian alipomwita.

"Usithubutu kuzitupa. Ulishazileta, sasa ziko kwenye faili. Ukizitupa ni kosa."

"Niziweke mpaka lini?"

"Miaka mitano."

Beseni liko Keroka, chini ya kaunta, kando ya misumari. Nzi wamelijua. Wateja wachache waliobaki huagiza wakiwa barabarani, naye huwapelekea huko huko.

Zimebaki siku tano. Na wewe, nusu ya nyumba za huko kwenu zimeezekwa kwa bati za Bathsheba. Kila risiti aliyoandika ilikuwa na nakala, na nakala alimpa mnunuzi. Iko kwenye Biblia ya mama yako, au chini ya godoro, au kwenye lile kopo la vifungo. Ya Septemba, ya Oktoba, zile zilizobaki shimoni. Inuka sasa hivi uitafute. Kesho saa mbili ofisi inafunguliwa: nenda usimame nyuma yake kwenye foleni, na huo mkono uondoe puani.