Nusu ya Mkate wa Bi Gittins

Waliposikia viatu vyake uani, watu wote wa nyumba ya Gittins waligeuza nyuso ukutani. Ndivyo inavyotakiwa. Mla dhambi akiwa kazini hatazamwi, maana dhambi inayomtoka maiti hulifuata jicho lililo wazi.

Jabez Pryce alikuwa ameizoea migongo ya watu. Huu ulikuwa mwaka wa tisa. Kila alipokufa mtu katika vijiji vile vya milima ya Shropshire, aliitwa yeye. Mkate uliwekwa juu ya kifua cha marehemu, kikombe cha bia kando yake, peni sita kwenye kizingiti. Jabez akila na kunywa, dhambi zinahama na kumwingia yeye, na marehemu analala salama. Tangu zamani kazi hiyo ilikuwa ya maskini wa mwisho, yule asiye na cha kupoteza. Jabez hakuwa maskini. Alikuwa na malisho mawili aliyokodisha, na chini ya sakafu ya chumba chake mlikuwa na dhahabu ambayo hata dada yake hakuwahi kuiona. Ila mtu yule alikuwa mkono wa birika, na mlo wa bure ni mlo wa bure.

Bi Gittins alilazwa juu ya meza, vidole vyake vimefungwa kwa utepe. Watu walisema mama huyu alikuwa na jambo. Jambo gani, hakuna aliyejua. Ila siku zake tatu za mwisho alikuwa akiliita jina ambalo si la mtu yeyote wa ukoo ule, na akiliita alijifunika shuka usoni.

Mkate ulikuwa mkubwa, wa unga mweupe, haujapoa. Jabez alikula nusu. Nusu ya pili akaitazama. Kesho nayo ni siku, akawaza. Akaangalia migongo ile mitano, akaitia nusu hiyo mfukoni mwa koti, akamaliza bia, kisha akatamka maneno yake kama kawaida: "Lala, mama. Yako yote nimeyabeba."

Neno *yote* alilitamka haraka kuliko mengine. Akaokota peni sita akaondoka.

Nyumbani alitundika koti kwenye msumari, akatoka tena kuokota vijiti chini ya ua wa jirani, maana kuni zake mwenyewe hakupenda kuzigusa kabla ya Krismasi. Aliporudi alimkuta dada yake Keziah ameketi karibu na meko baridi, anajifuta mdomo. Alikuwa anatabasamu. Jabez hakukumbuka lini alimwona akitabasamu mara ya mwisho.

"Kaka, leo umenishangaza," alisema Keziah. "Nimetaka kushona kifungo cha koti lako, nikakuta mkate. Mweupe! Wa marehemu unaumaliza kule kule, basi huu umenunuliwa. Nikasema, kumbe mkono wake hufunguka. Bila shaka amesikia, ameninunulia cha kuniaga."

"Kukuaga? Unakwenda wapi?"

"Kesho naondoka. Nimetaka kukwambia mara kumi, nakukuta unahesabu viazi. Enoch Gittins atanipitia na gari lake la farasi, akishamzika mama yake. Shangazi yake anatengeneza jibini kule nyuma ya mlima, anataka mtu wa kukamua. Ana chumba chenye moto, kaka. Na mezani wanakaa watu sita, wanazungumza! Miaka ishirini nimezungumza na panya wako, nao wamehama kwa njaa."

Jabez hakucheka. Alikuwa anatazama makombo kwenye aproni ya dada yake.

"Umeula wote?"

"Mpaka chembe. Unataka nikutapikie?"

Yeye alijua maana ya kula mkate ule. Alijua wanawake walivyoziosha kwa siki sarafu zilizotoka mkononi mwake, na mama walivyowafunika watoto akipita. Na hakuna nyumba ya jibini, popote pale, itakayomwachia mla dhambi aguse maziwa. Lakini hayo aliyajua. Asilolijua ni lile jambo la Bi Gittins, ambalo nusu yake sasa ilikuwa imeketi mbele yake, imevaa aproni, inatabasamu.

"Mzee Pryce!" Sauti ilitoka barabarani. "Toka nje! Simama hapo hapo mlangoni, usinisogelee."

Alikuwa Enoch Gittins mwenyewe, amesimama hatua kumi kutoka mlangoni, kofia mkononi, macho mekundu.

"Dada yangu Tryphena amechungulia chini ya kwapa ulipokuwa unakula," alisema. "Anasema hukumaliza. Fundi ameshika nyundo, jeneza liko wazi, mchungaji anangoja, na mama yangu amelala na nusu ya mzigo wake haijulikani ilipo. Mkate uko wapi? Kama unao, ule hapa mbele yangu. Nitafumba macho."

Keziah alikuwa amefika nyuma ya kaka yake. "Mkate gani?" aliuliza, polepole.

Jabez angeweza kusema: nimeumalizia njiani. Maneno mawili tu, na hakuna ambaye angempinga. Enoch angerudi kuzika, na kesho gari lingepita. Mwanamke wa kuajiri badala ya Keziah, akawaza, anataka shilingi nne kwa wiki, na hula. Lakini chini ya hesabu hiyo palikuwa na kitu kingine, kilichomtisha zaidi. Nyumba hii ikiwa na yeye peke yake. Majira ya baridi yote. Na lile alilolimeza leo.

"Ameula yeye," alisema.

Enoch alimtazama Keziah. Kisha taratibu, kama mtu anayeona aibu, akageuza uso kwenye kichaka cha miiba.

"Bi Keziah," alikiambia kile kichaka, "kesho gari... gari halitapita huku."

"Enoch, mwanangu, si mimi niliyekuuguza ulipokuwa na surua?"

"Ni wewe, mama. Nisamehe." Akavaa kofia, akaondoka kwa haraka, na baada ya hatua chache akaanza kukimbia.

Keziah alifunga mlango. Hakulia. Jabez alikuwa amejiandaa kwa kilio, alikuwa na maneno ya kukijibu.

"Yatatulia," alisema hata hivyo, akaenda kuketi kwenye kiti chake penye meko. "Tutakaa kama zamani."

"Ulinyamaza kwanza," Keziah alisema. "Nilikuwa nyuma yako. Ulinyamaza ukapima, ndipo ukajibu."

"Dada..."

"Nimekula nini, kaka? Yule mama alifanya nini?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Haya. Basi nusu iko kwako, nusu iko kwangu." Akafikiri kidogo. "Yangu inatulia vizuri. Yako je?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anavyouliza habari za mguu unaouma.

"Ondoka kwenye kiti hicho," alisema Keziah.

Kwa miaka ishirini hakuna aliyemwamuru kitu ndani ya nyumba ile. Jabez akasimama. Akasogea mpaka mgongo ukagusa ukuta. Keziah alikalia kile kiti, akaweka mikono magotini, akamtazama, na hakutazama kwingine.

Nje ukungu ulikuwa umeziba dirisha. Jabez alianza kuzipitia akilini nyumba za bonde lile, moja baada ya nyingine, akitafuta moja ya kukimbilia, ambayo akibisha hodi wangemfungulia. Kwa akina Gittins. Kwa mhunzi. Kwa mjane wa mchungaji wa kondoo. Alifika kwenye kinu cha maji, nyumba ya mwisho kabla ya barabara kuu, na alikuwa bado hajapata.

Keziah alivuta kiti kumsogelea.