Koti la Kwendea kwa Mama

Tabu Mwinjuma alifungua robota la mitumba Jumatatu asubuhi, uani kwake Tandika, kwa kisu cha kukatia mchicha. Aliyemuuzia alimwapia kwamba ndani mna magauni mepesi ya kike. Kamba zilipokatika yakamwagika makoti mazito, meusi na ya kahawia, yenye manyoya shingoni, na katikati ya makoti kulikuwa na baridi. Si ubaridi wa kivulini. Baridi yenyewe ya huko yalikotoka, ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kuikung'uta kabla ya kufunga robota. Ilijinyoosha uani kwanza, kisha ikapanda batini, na adhuhuri ilipofika theluji ilikuwa inaanguka juu ya nyumba ya Tabu, na juu ya nyumba yake tu.

"Nimepigwa," Tabu akasema. Alikuwa anazungumzia magauni.

Jirani yake, Mama Brightson, alichungulia juu ya ukuta. Jina lake hasa ni Avelina, mtu wa Makete, kule juu ambako watu huota moto mwaka mzima, na tangu ahamie Dar es Salaam hajapata kuona kitu cha kumkumbusha kwao. Akakinga kiganja, akaipokea theluji, akaionja.

"Hii siyo sakitu, Mama Nusaiba," akamwambia Tabu, kwa jina la mwanawe. "Sakitu ya kwetu unaikuta asubuhi imelala kwenye majani. Hii inatoka juu. Hii ya Wazungu."

"Inaharibu nguo?"

"Nguo haina neno nazo. Maharage ndiyo inayaua."

Tabu hakuwa na maharage, basi shughuli zikaendelea. Mama Brightson, ambaye huuza barafu za ubuyu, alizima friza lake akahamishia biashara uani kwa jirani, maana luku ya umeme nayo inaumiza. Wauza samaki wa mtaa wa pili wakaleta ndoo zao. Mjumbe alipita kukumbusha kwamba maji yasitiririshwe barabarani, akaomba bonge moja la kuweka kwenye goti lake lililovimba, akaenda zake. Mpita njia akiuliza kuna nini pale, aliambiwa kwa Mama Nusaiba kuna baridi, naye akaridhika. Tandika kila nyumba ina mambo yake. Huyu ana muziki wa singeli mpaka alfajiri, yule ana mume wa mtu. Tabu alikuwa na theluji.

Makoti aliwauzia waendesha bodaboda, ambao ndio watu pekee wa mji huu wanaovaa koti mwezi wa Januari. Alibakiza mawili. Jioni akalijaribu lile jeusi, refu mpaka miguuni, akafunga vifungo vyote, na pumzi yake ikatoka mdomoni nyeupe kama moshi wa jikoni. Hapo ndipo alipomkumbuka askari wa getini. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Habari ya geti ni hii. Tabu alizaliwa Kimbiji, kwenye shamba la minazi la babu yake, na mama yake, Bi Mwanahawa, alizikwa humo humo shambani, karibu na ufuko. Baadaye binamu zake Tabu wakawauzia shamba watu wa hoteli. Mwenye hoteli alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema kaburi halitaguswa, na watoto wa marehemu watakuja wakati wowote watakaotaka. Kaburi kweli halikuguswa. Ukuta ulijengwa pande tatu, upande wa nne ikaachiwa bahari, na juu ya geti likawekwa jina: KISIWA CHA KARIBIANI. Tabu alipolisoma mara ya kwanza alidhani mchora kibao amekosea, kwamba alikusudia kuandika Karibuni. Akaingia.

Hakufika mbali. Askari alikuwa kijana mpole wa Mbinga, anaitwa Leodegar. Alimwamkia vizuri, kisha akamwonyesha maandishi madogo chini ya lile jina: *Kwa wanaokimbia baridi.* Akamweleza kwamba Karibiani ni visiwa, viko mbali kweli kweli, watu wa nchi za theluji huenda kupumzika huko wakati kwao kumeganda, na mwenye hoteli ameona awasogezee.

"Mie nimekuja kwa mama yangu," Tabu akasema. "Kama kuna kiingilio, nalipa."

"Siyo hela, mama, ni sheria. Wewe unakimbia baridi gani?"

Tabu alilitazama jua, akakosa jibu, na kukosa jibu ndiko kulikomuuma kuliko geti lenyewe. Kila Shaabani, watu wanapokwenda kuzuru makaburi kabla ya mwezi wa Ramadhani, alirudi pale, na kila Shaabani aliulizwa swali lile lile. Akawa anasoma Yasini nje, uso kauelekeza ukutani, asijue magugu yamefika wapi upande wa pili. Mtoto wa kaka yake, Mwishehe, aliyepata kazi humo ndani ya kuwapelekea wageni vinywaji, alimpa njia. Aombe kibarua cha usafi. Atapita mlango wa nyuma kila siku, mpaka achoke mwenyewe.

"Usafi siyo aibu, nimeufanya miaka," Tabu alimjibu. "Lakini kwa mama yangu siingilii mlango wa nyuma. Kwani mie mwizi?"

Mwaka huu Shaabani iliangukia Januari, na safari hii Tabu alikuwa na baridi ya kuikimbia.

Alijiandaa kama mtu anayekwenda likizo, kwa sababu ndiko alikokuwa anakwenda. Mtaa mzima uliambiwa. Naenda Karibiani, alisema, na watu wakamtakia safari njema, wengine wakaagiza zawadi. Alitia kwenye mkoba kanga doti moja, msahafu mdogo, udi na kijembe cha palizi. Mama Brightson alikuja kumfunga vifungo mpaka cha shingoni.

"Usifungue hata kimoja," akamwambia. "Ikishatoka hairudi. Halafu ukifika usitembee kama mtu anayeomba."

"Lini umeniona naomba?"

"Sijakuona. Nakukumbusha tu."

Alichukuliwa na bodaboda mmojawapo aliyenunua koti kwake. Theluji iliwaangukia wawili hao kuanzia Tandika. Kwenye Daraja la Nyerere waliambiwa wafute namba ya pikipiki isomeke, wakafuta, wakaendelea na Kigamboni yote, mpaka lami ikaisha. Kwenye mashimo ya njia ya Kimbiji dereva alilalamika kwamba matairi yanateleza, Tabu akamwambia aende polepole, mama yake hana haraka.

Leodegar alikuwa zamu. Aliziona nyusi zimeingia weupe, akaiona theluji mabegani, akasubiri pumzi itoke aione na yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naona leo unaikimbia."

"Ndiyo. Naikimbia."

Sheria ni sheria. Tabu akalipa kiingilio cha mgeni wa siku kama wengine, akafunguliwa geti kubwa, lile la magari, mbawa zote mbili. Tabu aliingia katikati ya njia, kichwa juu, theluji ikimfuata nyuma, na moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko koti. Alijisikia fahari, na hakuona sababu ya kuificha. Binti mmoja alimvisha shada la maua ya plastiki. Mwishehe akaja na dafu kwenye sinia, dafu lina kijimwavuli cha karatasi, akamkaribisha Karibiani kwa Kiingereza kama alivyofundishwa kazini. Kisha akashusha sauti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Pale kwenye mabomba ya kuoshea miguu." Mwishehe akaangalia sinia. "Shangazi, kuna kibao. Usikasirike."

Kaburi lilikuwa limezungushiwa kokoto nyeupe. Magugu yalisimama katikati yake mpaka magotini, kwa kuwa mtu wa bustani aliambiwa ayaache, yanapendeza kwenye picha. Kibao kilikuwa upande wa kichwani, kimechongwa kwa mbao nzuri: *Hapa amelala haramia asiyejulikana wa bahari ya Karibiani.* Taulo mbili zilikuwa zinakaushwa juu ya jiwe, na pembeni yake alikaa mzee wa Kizungu anajifuta mchanga vidoleni. Yeye alifika asubuhi ile, na theluji yake ilikuwa bado kidogo kwenye masikio. Wenye theluji huelewana bila mkalimani, kwa hiyo wakazungumza.

"Umetoka mbali?" mzee akauliza.

"Tandika."

"Huko nako baridi?"

"Mwaka huu imezidi."

Mzee akamwonea huruma. Tabu akasubiri amalize.

"Naomba unipishe," akasema. "Umemkalia mama yangu."

Mzee aliinuka haraka. Alikitazama kibao, akamtazama Tabu.

"Mama yako alikuwa haramia?"

Tabu akalifikiria swali, kwa sababu liliulizwa kwa adabu.

"Alikuwa anauza vitumbua," akasema. "Ila mkali alikuwa."

Mzee alizichukua taulo zake na zisizo zake, akazikunja, akaomba radhi. Kisha akasimama kando kofia mkononi. Ndani ya ukuta ule hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo.

Tabu akainama apalilie, koti likamkaba. Ukilivaa koti lile lililofungwa mpaka shingoni, unaweza kutembea na unaweza kusimama, lakini kuinama huwezi. Alijua akifungua nini kitafuata, Mama Brightson hakuwa ameficha. Akafungua cha juu, akafungua cha pili, akaendelea hadi cha mwisho, akapiga magoti kwenye kokoto.

Alipalilia lote. Mizizi mingine ilikuwa mirefu ajabu, akaing'oa kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, yakagandia mashavuni, akayabandua na kuendelea. Akafukiza udi, akatandika kanga, akasoma Yasini yote kwa sauti kamili, isiyohitaji tena kupenya ukuta, na wageni kwenye vitanda vya jua wakadhani ni sehemu ya burudani, wakanyamaza kusikiliza.

"Mama, nimekuja," akasema alipomaliza. "Nimepitia mbele."

Bi Mwanahawa hata akiwa hai hakuwa mtu wa kusifia watoto. Ila lile jiwe, ambalo kwa jua la saa nane lingeunguza mkono, lilikuwa na ubaridi mzuri, na Tabu akaegemeza shavu lake hapo mpaka alipotosheka.

Alipoinuka theluji ilikuwa imekwisha. Koti limelowa chapachapa, nyusi zimerudi nyeusi, pumzi haionekani tena. Theluji ya wageni wengine nayo iliyeyuka tangu asubuhi, na hakuna aliyewauliza lolote. Walikuwa wamelala juani wakiwa na rangi ya kamba wa kuchemsha. Meneja, dada mmoja nadhifu aitwaye Yasmini, alikuwa anapita na miwani yake, akamwona mwanamke wa Kizaramo ameshika kijembe.

"Dada, zamu yako inaisha saa ngapi?" akauliza. "Taulo za kule hazijakusanywa."

"Yangu imekwisha," Tabu akasema. "Nimeshasafisha."

Yasmini alilitazama kaburi, akaona kweli pametakata.

"Pamependeza. Wenzako uwaelekeze wafanye hivyo hivyo. Tokea nyuma tafadhali, unadondosha maji."

Tabu alikunja kanga, akatia kijembe mkobani, akalibeba koti begani. Mwishehe alikuwa amesimama na sinia tupu.

"Kesho ukipita hapa umwamkie bibi yako," Tabu akamwambia.

"Huwa namwamkia, shangazi. Kila nikifuta kibao."

Tabu akatoka kwa njia aliyojia, katikati, polepole, akidondosha maji. Leodegar alimwona anakuja bila theluji. Akafungua mdomo, akanyoosha na mkono kuelekea mlango wa nyuma.

"Nilikoingilia ndiko ninakotokea," Tabu akasema, na wala hakupandisha sauti.

Leodegar akaushusha mkono. Akafungua geti kubwa, mbawa zote mbili, ingawa mtu mmoja angepita kwenye upenyo. Kisha akalifunga.

Kibao cha haramia kipo mpaka leo, na hufutwa kila asubuhi. Yale maandishi madogo getini yapo. Wengine wawili wa Kimbiji wenye makaburi ya wazee wao humo ndani waliendelea kuulizwa wanakimbia baridi gani, na kuendelea kusoma dua zao ukutani.

Baridi ya Tandika ilikwisha kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Siku bati lilipokauka, Mama Brightson aliwasha tena friza lake, na kabla ya kupanga barafu za ubuyu alilaza chini kabisa lile koti la pili, la kahawia, ambalo halijapata kufunguliwa kifungo. Bodaboda mmoja aliyekuja kununua barafu aliuona mkono wa koti, akaupapasa, akauliza bei.

"Hilo haliuzwi," Mama Brightson akamwambia, akampa barafu yake. "Hilo la Mama Nusaiba. La kwendea kwa mama yake."